Kasuku Chini ya Kaniki

Jumapili, mwezi 4 Mfungo Tisa

Siwema wangu anatolewa ndani mwezi ujao, wakwe wameridhia. Nimeandika hilo kwanza. Bismillahi inafuata.

Asubuhi nimemsinga liwa kama kila siku. Miezi kumi hajaliona jua, ngozi kama yai lililomenywa. Nani mwingine hapa kijijini ana mwali kama huyu? Hayupo.

Aliingia ndani akiwa kasuku. Siku ya arobaini yake alilia mpaka mwalimu akakatiza dua. Chuoni akisoma, ng'ambo ya mto walimsikia. Sasa ananong'ona, anajibu kwa kichwa. Anatoka njiwa. Kazi yangu hiyo. Na jina lake jipya la utu uzima nimeshachagua: Tulia.

Ijumaa, mwezi 9

Kisimani nimewasimulia wote utulivu wa Siwema. Wengine mara mbili.

Habari za vita zimezidi. Watu wa Ngarambe wanagawa maji ya dawa, wamechoka kulimishwa pamba. Nami nimechoka nayo, vidole vyangu mashahidi. Mume wangu kasema askari wa Mdachi wakija, tunaingia mikokoni. Naogopa. Naiogopea na ngoma ya mwanangu, niseme kweli. Mpunga wa sherehe nimeshautwanga.

Jumatano, mwezi 14

Tumekimbia. Alfajiri, ukungu mzito, mitumbwi minne. Siwema nilimfunika kaniki gubigubi, mwali asionekane. Amri ilikuwa moja: kimya, hata kukohoa marufuku.

Maji yakaanza kupwa. Mtumbwi wa Bi Zuhura, mama wa mchumba wake Siwema, ukatupotea. Tulisikia makasia yao yakienda upande wa bahari. Watu sita mle. Hakuna aliyethubutu kuwaita.

Sauti ikatoka chini ya kaniki. "Huku! Shikeni kushoto! Nifuateni mie!"

Nilimfinya paja. Akazidisha. Aliita mpaka pua ya mtumbwi wao ikachomoza ukunguni.

Askari hawakuja. Kumbe walishika njia nyingine.

Alhamisi, mwezi 15. Kiongoroni, kwa wifi yangu

Aibu. Wanawake wanasema mwali kavunja mwiko, uchumba utavunjika. Siwema nimemnunia. Halafu najionea haya kwa kununa. Watu sita wako hai, na mie nilimfinya aliyewaita.

Bi Hawa, kungwi wake, ndiye aliyenifunda hata mie. Kanicheka. "Mwali kakatazwa kuonekana. Nani kamwona? Kaniki ndiyo iliyosema. Na wewe, nilikutoa ndani ukapasua kicheko mbele ya wakwe. Leo wajifanya jiwe."

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilicheka. Mbuzi alikuwa anatafuna kilemba cha baba mkwe.

Jumatatu, mwezi 19

Tumerudi nyumbani. Kuku mmoja hayupo, basi.

Bi Zuhura kaja mwenyewe, peke yake. Nilimtandikia mkeka. Nilijua kaja kuvunja.

Kumbe sikio lake la kulia limekufa siku nyingi, la kushoto linasikia nusu, na amekuwa akificha. Wakaza wana wake wawili wamefundwa vizuri, wananong'ona. Anakaa nao kama anayeishi peke yake. Ila asubuhi ile ya ukungu alisikia kila neno.

"Huyo nipe kama alivyo," kasema. "Ukimnyamazisha, nakurudishia."

Nikacheka. Nikalia kidogo. Alipotoka nikaenda kumwomba Siwema radhi ya paja. Kasema halikuuma. Mwongo, alama ipo.

Tulia haifai tena. Jina lake jipya ni Sikujua. Majina ya namna hiyo yako mengi, watu watadhani la kawaida tu. Mie na yeye tunajua.

Jioni sasa. Yumo chumbani anaimba, ananipotezea mistari ninayoandika. Simkatazi. Mchele wa sherehe ulikuwa palepale nilipouacha. Nimetuma watu, wa Kibiti wameambiwa, wa Kiongoroni wameambiwa: waje wote mwezi mosi Rajabu, Ijumaa, baada ya sala.