Kinini ya Tension na Mukwe Wangu

Yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia kutoka huku Nchelenge. Mugongo wako unasemaje? Na watu wa Pweto wanaamuka vizuri? Sisi tunapumua. Samaki iko kidogo, lakini tunakula.

Yaya, unajua Aline wangu ni infirmière. Mu clinique manesi wako wengi, lakini wagonjwa wanamuulizia yeye kwa jina. Nilizaa, siyo mchezo. Sasa kuna mwanaume anamutaka, Dieudonné, na Aline naye anamutaka. Lakini ni mutu wa kabila ya wale waliotuchomea nyumba, wakamuua bwana yako.

Siku alikuja kwanza, niligeuza uso. Majirani wakasema, "Mama huyu anajua kumuheshimu mukwe, hamutazami mu macho." Haikuwa heshima. Moyo ulipiga mpaka mu masikio. Wakati ule wa moto yeye alikuwa mutoto tu, hakutufanya kitu. Kichwa kilijua hivyo, mwili ukakataa.

Kisha nikaanza kumeza kinini ya tension, kidonge cha kushusha presha ya damu. Aliporudi, nikamutazama mu macho, moyo kimya. Niliona kijana mwenye aibu, basi. Ile ndiyo ilinitia wasiwasi. Nikamuuliza Aline, "Ni mimi nimesamehe, ao ni kinini?"

"Mama, ile dawa inatuliza moyo. Kuna wataalamu wanasema labda inatuliza na woga mu ubongo, ule unaohukumu mutu kabla hujawaza. Haijahakikishwa. Kwako wewe, sijui."

"Nikiacha kumeza?"

"Usijaribu. Unatutafutia ndoa ao matanga?"

Angeweza kunidanganya, ni ndoa yake. Hakudanganya. Mutoto kama huyo, yaya, utamupata wapi?

Nimewaza sana. Ile chuki sikuichagua. Iliniingia mu mwili siku tulikimbia. Sasa utulivu nao ukiingia na maji ya kumezea kinini, niukatae juu ya nini? Mimi nimeitikia ndoa hii.

Lakini wewe ndiye mukubwa, na kaburi ni ya bwana yako. Dawa yangu siwezi kukutumia, haigawanywi. Njoo umutazame na moyo wako vile uko. Ukisema hapana, Aline ameahidi kukutii, na mimi sitakubishia. Nitalia tu.

Umusalimie kaka yetu mushona nyavu, na shangazi anayezalisha wanawake.

Ni mimi mudogo wako,
Mama Aline