Aliyeuliza Zuhura ni Yupi

Mikumi,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshaitikia, tena kwa sauti ile ya kuwakimbiza kuku uani. Goti la kushoto linaendeleaje na mvua hizi? Mahindi mmeshapanda, au bado kaka Otmari anasubiri jembe lipande lenyewe? Mimi sijambo. Malaria ya mwezi uliopita imenitoka, imebaki miguu kuuma kwa kusimama sana, na hiyo ndiyo kazi ya umatroni.

Barua hii anakuletea mwalimu wetu wa darasa la nne. Kwao ni Peramiho, lakini anapitiliza hadi huko kwenu Mbinga kwa shemeji yake. Ni mtu mwema, ila kila akipewa bahasha huiinua juani. Kwa hiyo nimeibandika gundi, na juu ya gundi nikapitisha utepe. Ukikuta utepe umekunjamana, nijulishe. Usicheke. Wewe mwenyewe ndiye unayesema nilizaliwa nikimshuku mkunga.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako mpaka uipandishe sauti ndipo usikie, na ukiipandisha nyumba nzima inasikia, mwanangu Editha akiwemo. Haya ni ya mimi na wewe. Wiki tatu zilizopita nilipopiga, nilimsikia nyuma yako akiuliza, "Bibi, unaongea na nani?" Ukamjibu, "Na mama." Akasema, "Mbona mama yuko jikoni?" Ukakohoa, ukaanza kunieleza habari za maharage. Aliyekuwa jikoni ni mdogo wangu Skolastika. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwashuku, mama. Nilisema moyoni kwamba mnamfundisha mtoto kunisahau, na kwamba Skolastika, kwa kuwa hajajaliwa wa kwake, amejichukulia wangu. Niliwaandikia barua ya kurasa nne, yote pilipili. Jana jioni niliichana. Nataka ujue kilichonifanya niichane.

Jana tulikuwa na sherehe ya kufunga mwaka wa shule. Wazazi walianza kufika asubuhi na mapema, wale wa Kidodi na Ruaha wakiwa bado wananukia moshi wa miwa, wale wa Kilosa wakishuka kwenye basi lililopakwa tope mpaka madirishani, maana barabara ile ukiipita mvua ikinyesha unashuka huna kiuno. Tulianza na misa, halafu watu wakahamia kwenye maturubai. Mbuzi walichinjwa na mzee Sefu, mlinzi wetu, kama kila mwaka, ili wazazi Waislamu nao wale bila wasiwasi, na hapa ni wengi. Nyani walijipanga ukutani wakinusa pilau. Mimi nilikuwa nawaangalia nyani kwa jicho moja na wapishi kwa jingine. Niliwauliza wapishi inakuwaje maini ya mbuzi wanne yakae kwenye kibakuli kimoja. Walisema mbuzi wa siku hizi wana maini madogo.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kukabidhi watoto wa bweni. Kila mtoto ana kadi yenye picha ya mlezi wake, na mwenye sura ya kwenye picha ndiye anayeondoka na mtoto. Awe diwani, awe shangazi wa kulia machozi, bila picha haondoki na mtu. Mwaka huu maneno ya watoto kuibwa yamevuma sana, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilimwapia Sista Mkuu kwamba mikononi mwangu hapiti mtoto hovyo.

Watoto walikuwa wakiigiza Yosefu na Maria wakitafuta pa kulala Betlehemu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa Zuhura wa darasa la tatu, ambaye anaishi Kilosa kwa bibi yake mzaa mama. Mama yake alishafariki. Ni mtoto wa Kiislamu, lakini Sista alisema shule nzima haina sauti kama yake. Walimchora masharubu kwa mkaa, akasimama mlangoni akiwa ameshika kiuno, akawaambia wale wawili, "Hamna nafasi! Nendeni huko mbele!" Watu walipiga makofi mpaka nyani wakashuka ukutani.

Hapo ndipo nikamwona mwanamume mmoja. Hakuwa chini ya turubai na wazazi wenzake. Alisimama peke yake kwenye uzio, amevaa kofia na shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya kutoka kwenye boksi, mkononi mfuko wa nailoni. Nikamzunguka kama naenda kisimani. Akanisogelea mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya chini, "Samahani, dada. Zuhura ni yupi?"

Mama, nywele zilinisimama.

"Zuhura yupi?" nikamwambia. "Tunao wengi." Tunaye mmoja tu.

"Zuhura Ramadhani. Mimi ndiye Ramadhani, baba yake."

"Yuko darasa la ngapi?"

"La pili," akasema. Kisha akafikiri. "Sasa hivi la tatu, nadhani."

"Unadhani?"

"Nilikuwa machimboni Kahama, dada. Nimekaa huko sana."

Akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa kadi yetu halali, lakini picha ni ya bibi, yule mama mtu mzima anayekuja siku zote na kapu la mapapai. Akasema bibi amevimba mguu, hawezi kuvumilia barabara ile, ndiyo maana amemtuma yeye. Nikamwambia kadi inaweza kuibwa. Akajibu, "Ni kweli." Huko kukubali nako kukanitia shaka, maana mwenye haki yake nimezoea apige kelele. Akanionyesha na kitambulisho. Nikamuuliza akina Ramadhani ni wangapi Kilosa nzima.

Nilimpigia bibi, simu haikupatikana. Nikarudia, hola. Nikampeleka yule bwana getini akalindwe na mzee Sefu. Mzee Sefu akanivuta pembeni. "Matroni, mtazame paji la uso. Si la yule mtoto hilo?" Nikamwambia paji la uso si kitambulisho.

Nikamgeukia mgeni. "Kwenye huo mfuko kuna nini?"

Akatoa boksi, akalifungua kwa uangalifu. Viatu vyekundu vya kike vya kufunga kwa kishikizo, vizuri, vya gharama. Lakini vilikuwa viatu vya mtoto wa chekechea. Nikakichukua kimoja, nikakiinua juu. "Mzee Sefu, tazama! Baba gani asiyejua mguu wa mwanawe?" Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Yule bwana alikipokea kiatu, akakirudisha kwenye boksi, akakifunika na ile karatasi yake nyembamba.

Zuhura akaletwa, masharubu bado usoni. Nikamwuliza, "Unamfahamu huyu?"

Alimtazama kwa muda. Akapiga goti vizuri kama tulivyomfundisha. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema yule bwana.

Zuhura akarudi nyuma, akashika kitenge changu. "Matroni, simjui."

Nitakwambia ukweli, mama, kwa sababu wewe huniungamisha vizuri kuliko paroko. Nilifurahi. Nilijiona nimewashinda wezi wote wa watoto wa mkoa huu. Nikamwagiza mzee Sefu afunge geti. Mgeni akakaa kwenye jiwe, boksi mapajani.

Sista Mkuu akaja kuona kelele ni za nini. Nikamweleza. Akasema nipige simu tena. Kisha akaniambia polepole, "Matroni, kumbe wewe ndiye ulifaa kucheza mwenye nyumba ya wageni." Sikucheka.

Safari hii simu iliita. Bibi alisema ilikuwa kwa jirani inachajiwa. Nilipomweleza akashtuka. "Ndiye, mwanangu, ndiye huyohuyo! Ameshuka kwenye treni juzi. Aliondoka huyu mtoto hajafikisha miaka mitatu, anatuma ada kila muhula, ila mwenyewe hakuwahi kuja. Kosa langu, sikukumbuka kuwa kwenye kadi hayumo. Nipe mjukuu wangu."

Zuhura akasikiliza simu, macho kwa yule bwana. Kisha akasema, "Lakini bibi, baba wa kwenye picha ana nywele."

Mgeni akavua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe mpaka nyuma. Akajipapasa upara na kucheka, na alipocheka nikaona mwanya wa meno ya mbele, mwanya uleule wa Zuhura. Mzee Sefu alinitazama, akajigusa paji la uso.

Yule bwana alikuwa amelisukuma boksi nyuma ya mguu wake. Zuhura akaliona. "Ni vyangu?"

"Nilikadiria vibaya. Nitakwenda kuvibadilisha."

Zuhura hakusubiri. Alikaa palepale chini, akavua viatu vya shule, akaingiza vidole, akasukuma, akasukuma tena. Nusu ya mguu ilibaki nje. Akavikanyaga visigino, akasimama. "Vinanitosha, baba," akasema.

Nilifungua daftari nikasaini. Mwandiko wangu wa jana hata mimi siutambui. Yule bwana alijitwika sanduku la mtoto kichwani, akawa hajui kama anaruhusiwa kumshika mkono. Zuhura akalitatua mwenyewe, akashika pindo la lile shati jipya. Wakaenda hivyo kulifuata basi la Kilosa, mtoto akitembea kwa kuburuza, visigino vyote viwili nje kwenye tope. Nilimwomba yule bwana msamaha. Akaniambia, "Hapana, dada. Umenilindia." Afadhali angenitukana.

Pilau sikula. Niliingia chumbani, nikafungua sanduku langu. Mna gauni la kijani nililomnunulia Editha sokoni hapa. Muuzaji aliniuliza mtoto ana kimo gani, nikamwonyesha kwa mkono, hapa kiunoni, bila hata kufikiri. Jana ndiyo nikajiuliza kimo kile nilikitoa wapi. Ni kimo cha siku tuliyomzika baba, Editha aliposimama kando yangu kaburini na kichwa chake kikagusa mkanda wangu. Tangu siku ile ni miaka mitatu. Nyani haoni kundule, mama, na huku Mikumi nyani ni wengi, nami ni mmoja wao.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilikwambia Sista amenikatalia ruhusa. Haikuwa kweli. Hata mwaka juzi sikunyimwa. Nilibaki kulinda mabweni matupu kwa hiari yangu, maana niliogopa nitafika, mwanangu apige goti, aniamkie vizuri, kisha akashike kitenge cha Skolastika. Nikaona ni nafuu kuwashuku ninyi. Mtoto humwita mama yule anayemfuta kamasi, na kamasi za Editha sijazifuta mimi. Mwambie mdogo wangu kwamba namshukuru, na kwamba asimkataze mtoto kumwita hivyo. Kwamba nililia, hilo usimwambie.

Jana hiyohiyo nilimwendea Sista, nikaomba likizo, akanipa kabla sijamaliza sentensi. Nikishakabidhi funguo za bweni napanda basi, na Noeli nitakuwa nyumbani.

Ila kabla ya hapo nifanyie kitu kimoja. Unakumbuka ulipokuwa ukienda mnadani kutununulia viatu, ulikata kijiti cha mguu wa kila mmoja wetu, ukakifunga uzi wa rangi yake? Changu kilikuwa na uzi mweusi. Mkate Editha kijiti. Asimame wima, kisigino kikiwa ukutani, ukipime hadi ncha ya kidole gumba. Usikadirie. Mpe kondakta wa basi la asubuhi la Dar, nami nitalisubiri hapa barabarani. Jina langu uliandike kwa herufi kubwa, maana makondakta nao siwaamini. Gauni nimempa mtoto wa mpishi, limemkaa barabara.

Msalimie kaka Otmari, umwambie jiko lile aliezeke, nakuja kuliona kwa macho yangu. Msalimie mama mkubwa, na katekista, ambaye najua atataka kukusomea barua hii. Usimpe, soma mwenyewe, miwani iko kwenye kopo la chumvi kama kawaida. Skolastika nimeshamsalimia hapo juu, lakini msalimie tena.

Na siku nitakayoshuka, mama, msinisubiri nyumbani. Stendi pale watoto huwa wengi, wengine wauza ndizi, wengine wamekuja kupokea watu. Njooni wote watatu, nawe umshike Editha mkono usimwachie. Nitakutafuta wewe kwanza, nisije nikamshika mtu bega nikamuuliza, Editha ni yupi.

Mwanao wa uzi mweusi,
Gaudensia