Mtani Ameezua Nyumba ya Mama

Jumatatu, 4 Novemba

Stendi tangu alfajiri. Kuku wangu wa kuuza wote wameondoka na basi la Singida, isipokuwa tetea mmoja mwenye jicho bovu. Nikarudi kwa njia ya chini ili nipite kwa mama. Kosa. Nyumba iko vilevile: kuta nne za udongo na mbingu. Elia hajakanyaga.

Niandike nisije nikasahau nilivyo mjinga. Elia ni mtoto wa shangazi, fundi wa kupaua. Nilimkabidhi pesa yote ya alizeti, advansi, aondoe tembe la mama, lile paa la udongo, aweke bati. Kesho yake asubuhi akaja na vijana wake, wakashusha udongo na miti yote, miti mizuri wakaipakia kwenye mkokoteni, wakaaga. Sasa naelewa. Nyumba ikishaezuliwa, mwenye nyumba hawezi tena kumhama fundi. Hatukuandikiana. Binamu ni mtani, na ukimpelekea mtani karatasi asaini, ukoo mzima utakucheka mpaka uzeeke.

Mama analala kitandani kwangu. Mimi mkekani, pembeni ya matenga ya kuku. Mawingu leo.

Alhamisi, 7 Novemba

Elia kapokea simu, hatimaye. Mbao bado mbichi, anasema. Nikamwambia mvua haingoji mbao zikauke. Akasema basi niolewe naye mke wa pili, deni life. Akacheka, akakata. Wapiga debe wote wananitazama.

Namchukia.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwona. Yuko Misigiri, juu ya nyumba ya mwalimu mmoja, anapiga misumari huku anaimba. Bati mpya, zinang'aa. Mke wa mwalimu alinieleza bila kujua anaongea na nani: wao walitoa advansi tangu kiangazi kinaanza, bati zimeletwa juzijuzi tu. Yaani baada ya mimi kulipa. Kumbe ndiyo kazi yake. Paa la huyu kwa pesa ya yule, na yule angoje apatikane mjinga mwingine.

Nikapaza sauti kutoka chini. Nikamwita mwizi mbele za watu. Akawageukia vijana wake. "Huyo mtoto wa mjomba. Msimjali, ananitaka."

Wakacheka wote, na mke wa mwalimu akacheka. Hasira yangu yote ikageuzwa utani. Nilirudi kwa bodaboda.

Jumanne, 12 Novemba

Kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikampa shikamoo yake, nikaeleza polepole, bila kulia. Alisikiliza vizuri mpaka alipouliza Elia ni nani kwangu. Nilipomwambia alicheka mpaka akafuta macho. Kesi ya watani hasikilizi, nirudi nyumbani tukataniane. Habari ya kwenda polisi, mama hataki hata kuisikia. Mtoto wa wifi yake hawezi kulala mahabusu kwa ajili ya bati.

Nilicheka na nyani. Navuna mabua.

Ijumaa, 15 Novemba

Imenyesha.

Turubai la kuazima nililofunika nyumba ya mama lilipeperuka mapema kabisa. Mama akatoka kabla sijamzuia, akaenda kusimama pale na kanga kichwani. Kona ya jikoni imeanguka yote. Kona ile aliisiriba baba mwenyewe, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zipo. Mama alikuwa anazikwepa kila alipopaka udongo mpya. Hakulia. Aliokota bonge la udongo akaliweka pembeni, akaokota lingine, kama mtu anayepanga viazi. Nililia mimi. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikwenda stendi. Nimeshinda namkumbuka Elia kwenye msiba wa baba. Alikamata jogoo wetu mkubwa mchana kweupe, akamchinja, akamla na watani wenzake, na sisi wafiwa hatukuruhusiwa hata kununa. Mtani akichukua, hulalamiki. Ndiyo mila.

Vizuri. Kwani mimi si mtani wake?

Jumapili, 17 Novemba

Tumehamia kwa Elia.

Nilikodi guta la mizigo. Kitanda cha mama, godoro, sufuria, matenga yote ya kuku. Nikachagua saa ya watu kutoka kanisani, barabara imejaa. Mama aligoma mpaka nilipomwambia ni utani tu. Hapo akaenda kuvaa gauni lake la Pasaka. Elia alikuwa uani anakunywa chai.

"Mtani," nikamwambia, "paa lako tumelipenda. Tutakaa hapa mpaka la kwetu liote."

Akacheka pamoja na majirani. Kisha akaona kitanda kinaingia mlangoni. Majirani waliendelea kucheka, yeye akaacha.

Jumatano, 20 Novemba

Kuku wanalala kwenye makochi. Jogoo anawika sebuleni. Mama kapewa chumba cha Elia, maana mke wa mjomba hawezi kulazwa sebuleni. Mkewe Elia anatupikia vizuri na hasemi kitu. Nahisi na yeye ana madai yake.

Elia alikwenda kwa mwenyekiti kutushtaki. Amerudi amenuna. Kesi ya watani haisikilizwi.

Mimi nacheka kutwa mbele za watu. Mashavu yananiuma. Ndani nawaka moto vilevile.

Jumatatu, 25 Novemba

Ameuza pikipiki yake. Mbao zimefika, kavu. Nimekwenda nyumbani kwa mama kusimama chini nimwangalie akipandisha kenchi, zile mbao za kubeba bati. Haimbi. Sina huruma naye hata kidogo.

Jumatatu, 2 Desemba

Paa limekamilika mpaka kofia ya bati kileleni. Ile kona imejengwa upya kwa tofali za kuchoma, imenyooka kuliko kuta zote. Mama aliigusa mara moja tu, akaenda kuwasha moto.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Mama yuko kwake. Bati zina kelele, anauliza kama ndivyo itakavyokuwa siku zote. Kwenye tembe mvua alikuwa anaijua akifungua mlango.

Alimwita Elia aje kula. Akamchinjia yule tetea wa jicho bovu. Elia alikuja kwa miguu, amelowa. Nikamnawisha. Nilikuwa na maneno ya kumtania, mengi, yakagoma kutoka. Na yake hayakutoka. Tulikula. Mama aliongea peke yake, habari za mbegu za alizeti.

Alipoondoka alisimama kidogo mlangoni, akatazama juu, kwenye kenchi zake.

"Asante kwa chakula, Naomi."

Tangu utotoni ananiita mchawi, mke wangu, binti mjomba. Jina langu alikuwa hajawahi kulitaja. Mama aliinua macho, kisha akaendelea kukusanya sahani. Baadaye mvua ikakatika, nikaenda kuwafungia kuku.