Baba, Mgongo Wake na Gari Lisilonguruma

Alhamisi, mjini Salama. Jua limezama lakini joto bado limeng'ang'ania kuta. Sahani zimeoshwa, nami nimekaa kwenye kibaraza cha shangazi Syombua na simu mkononi. Mabega yananiuma. Moyo uko imara.

Leo nimemtoa baba nyumbani Mutomo.

Naliandika hilo kwanza kwa sababu nyumbani hakuna aliyeamini litawezekana, hata mimi. Mguu wake wa kushoto umeanza kufa ganzi. Daktari aliyemwona hakuzunguka mbuyu: apelekwe Nairobi apigwe picha ya mgongo, pengine apasuliwe, na tusikawie, la sivyo mguu utapooza. Mwezi uliopita tukampakia kwenye pikapu ya jirani. Hata lami hatukuifikia. Pale kwenye korongo alizimia kwa maumivu, ikabidi tumrudishe. Alipopata fahamu akasema hapandi gari tena, na kama ni kufa atafia kwake akiwaona mbuzi wake.

Baba aliendesha lori tangu ujana wake mpaka mvi zikamwingia. Mtu kama huyo akikwambia hapandi gari, ujue ameumia kwelikweli.

Mimi pia ni dereva. Nawabeba maharusi mjini Kitui, kwa binamu yangu Kioko anayekodisha magari. Gari lake la kujivunia ni hili kubwa la kifahari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Juzi aliuza lile la kwanza akachukua toleo lililofanyiwa marekebisho. Kwa nje ni mapacha. Nilidhani Kioko ameibiwa mchana kweupe, hadi nilipoliendesha.

La zamani likipanda mlima, injini ilikuwa ikiamka na kulalamika kama mtu aliyekatizwa usingizi. Katika hili injini inaingia na hujui imeingia saa ngapi. La zamani lilikuwa na mluzi wa upepo kwenye vioo vya pembeni. Hili limewekewa vioo vya tabaka mbili milangoni, na mluzi sijausikia tena. Tofauti kubwa zaidi iko kiti cha nyuma. La zamani likivuka tuta lilimrusha abiria, halafu likamrusha tena kama halikutosheka. Hili linashuka mara moja na kutulia. Kuna bibi harusi aliyepandia mjini Wote akiwa anatetemeka mikono, na kabla hatujafika kanisani alikuwa amelala fofofo na shela yake kichwani. Siku hiyo nikajiambia, kama huyu ameweza kulala humu, baba ataweza kukaa.

Kioko alinipa ufunguo akinionya nisimrudishie gari lenye harufu ya mbuzi. Kazi ilikuwa kwa mzee. Nilibembeleza, nikanuna, nikabembeleza tena. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: nimfikishe Salama tu, amwone dada yake, na akiwa hapo ataamua kama ataendelea Nairobi au atarudi nyumbani. Kwa hiyo safari ya leo ilikuwa na kazi moja tu, kumfikisha hapa akiwa mtu anayeweza kusema ndiyo.

Asubuhi mama alianza kupakia. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu huwezi kwenda kwa wifi yako bila kitu. Jogoo nilimkataa, mama akaniangalia kama nimeacha dini. Asali ilipita. Ndengu, yaani choroko, pia zilipita, gunia nusu, akalikalisha katikati ya kiti cha nyuma kumwegemeza baba kiunoni. Ndivyo tunavyombeba mgonjwa huku kwetu, kwa sababu gunia lisilojaa hushika umbo la mwili kuliko mto wowote wa dukani. Mama akakaa upande wa pili wa gunia. Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

"Mwaitu, imekataa kuwaka?" baba akauliza. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Imewaka, Baba. Inatumia stima."

"Gari haiwezi waka bila kusema kitu. Hii imekufa."

Tukaondoka na gari letu maiti. Mbuzi wa jirani waliolala njiani hawakushtuka hata kidogo, nikalazimika kupiga honi.

Kisha likaja korongo. Nililikaribia polepole. Na hapo nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia nikiwa kwenye usukani: pumzi ya baba. Aliivuta akaizuia kabla hata gurudumu halijaingia shimoni. Kwenye pikapu bati lilipiga kelele, injini ikapiga kelele, naye huenda alikuwa akilia nyuma yetu na hatukujua. Leo nilimsikia. Basi nikaacha kuifuata barabara, nikaifuata pumzi. Akiizuia, napunguza mwendo hadi karibu kusimama. Akiiachilia, nasogea. Sitadanganya, palipo na mikunjo kama mabati, changarawe bado inapiga chini ya gari, na tairi hizi pana hazipendi mawe yetu. Lakini kiti cha nyuma hakikuruka hata mara moja.

"Tumevuka?" akauliza. Alikuwa amefumba macho.

"Tumevuka kitambo," mama akasema. "Hapa ni lami."

Nilivaa miwani ya jua haraka. Nililia kidogo, na sioni haya kuandika hivyo.

Kutoka pale hadi Kibwezi ilikuwa raha. Tukaingia barabara kuu, malori yanatupita na hatuyasikii ila mvumo wa mbali. Tulipopita Makindu, baba akainua kichwa.

"Kuna kitu inavuma hapa chini yangu."

Mama akasema labda ni nyuki wamefuata asali yao. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeusikia, mvumo unaopanda polepole kama feni iliyofungwa ndani ya sanduku. Taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi. Umeme ukaanza kujitoa, injini ya petroli ikabaki kuvuta peke yake, na ule utulivu wote ukayeyuka. Mtetemo mdogo ukaingia sakafuni. Nilimwona baba kwenye kioo, amekaza taya.

"Turudi," akasema. "Mimi nilijua."

Niliona Nairobi inaniponyoka. Nilimjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake: "Baba, hii gari hairudi Mutomo leo." Nikaegesha Emali kando ya wauza matunda, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma.

Nilitaka kujipiga kofi. Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa kwa hewa ambayo feni huivuta kupitia tundu lenye wavu lililo pale chini. Siku ya kwanza kabisa Kioko alinifundisha nihakikishe gauni la bibi harusi halifuniki tundu hilo. Nimelinda magauni hayo kama askari. Halafu leo nimeacha gunia la ndengu liteleze na kuziba pua nzima ya betri, kwa sababu lilikuwa gunia, si gauni. Nalitoa, feni bado inalia. Tukasubiri milango ikiwa wazi, mama akinunua machungwa kwa kubishana, hadi feni ikashusha sauti yenyewe na ile taa ikazimika.

Baba alikuwa ananitazama muda wote huo. "Kumbe betri inapumua?"

"Inapumua, Baba."

"Aaa. Basi si maiti."

Gunia lilienda nyuma kabisa na asali. Mama akasimama pale, mkono kiunoni, akauliza sasa mzee ataegemea nini. Hakungoja jibu. Alijisogeza katikati, akawa yeye ndiye gunia. Hawa ni wazee wa kanisa, sijawahi kuwaona hata wameshikana mikono, na baba akaweka uzito wake wote juu ya bega lake mchana wa jua kali mbele ya watu wa Emali.

Baada ya hapo gari likarudia ukimya wake. Ndipo baba akazungumza. Lazima nieleze kwamba baba huongea kwa kupaza sauti, hata akiomba chumvi. Ni lori lililomfundisha. Leo alisema polepole, na kila neno likanifikia mbele bila shida.

"Mimi siogopi gari. Naogopa kisu. Mutua alipasuliwa mgongo, na hakuinuka tena."

Mutua alikuwa utingo wake, walisafiri pamoja miaka mingi. Nilijua alifariki. Sikujua kwamba baba amekuwa akikibeba kifo hicho kila tulipomtajia hospitali, sisi tukidhani ni ukaidi na mashimo ya barabarani. Jambo kama hilo halisemwi kwa kupaza sauti. Kwenye pikapu asingelisema, na hata angelisema tusingelisikia.

"Hata mimi naogopa," mama akajibu. Sikugeuka. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili na kuwaacha.

Shangazi alikuwa ameandaa kochi lake zuri, la vitambaa vya kufuma. Baba akalikalia kidogo tu, uso ukakunjamana, akaomba arudishwe kwenye gari. Shangazi amenuna hadi sasa. Mzee amekula chakula chake cha jioni humo ndani, kiti kimelazwa, mlango wazi, majirani wanapita kumsalimia mmoja mmoja kama waziri aliyekuja ziara. Kioko asijue kuhusu mchuzi.

Nilipompelekea chai aliniuliza kama hiyo picha hupigwa mtu akiwa amelala. Nikasema ndiyo.

"Na kama mtu anaogopa?"

"Wanampiga picha hivyo hivyo, Baba. Na daktari atakueleza yote kwanza, na wewe ndiye utasema ndiyo ama hapana. Mimi nitakuwa hapo."

Alikunywa chai mpaka ikaisha. Akanirudishia kikombe, akaangalia barabara kuu kule chini ambako taa za malori zinapanda.

"Basi tutoke mapema, kabla malori hayajajaa."

Sijui madaktari watasema nini, na sitajifanya najua. Lakini kesho tunaenda Nairobi, yeye na woga wake, mama na wake, mimi na wangu. Gari lina nafasi ya kutosha.