Kura Yangu na Gobore la Mjomba

Kisaki,
Mwezi wa sita, 1976

Dada yangu Mwaisha,

Shikamoo sana. Vipi hali yako, na shemeji, na watoto? Yule wa mwisho meno yameshaota? Na mgongo wako je, umepoa, au bado unakusumbua ukiinama kwenye mboga? Huku kwetu wote wazima. Mama anakula, analala, analalamika, kwa hiyo ujue hajambo. Anauliza mbona huji, au siku hizi Mlali ndio Ulaya.

Usiucheke mwandiko wangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema naandika kama kuku anavyochakura, nami nikamwambia kuku huwa anapata. Hilo nilimwambia moyoni tu, unanijua.

Ulituma salamu ukauliza ilikuwaje mjomba Kondo akaangushwa kwenye ubunge, maana huko mmesikia tu kwamba aliangushwa. Nitakueleza yote, polepole, kwa sababu mimi mwenyewe bado nalitazama jambo hili na bado linanishangaza.

Unakumbuka tangu tuhamie kijijini mashamba yamebaki mbali na nyumba. Halafu magobore yakakusanywa, yakawekwa kituoni, na la mjomba likiwemo. Hilo gobore unalijua, alilipata kwa mjomba wake, na baada yake ni langu. Basi nguruwe wakajua. Sijui nani aliwaambia, ila walijua. Mwaka juzi mahindi ya mama waliyamaliza yote, wakalala humo humo shambani kama wageni wa harusi. Tuliwapigia madebe, wakatuangalia. Tulikula mihogo mpaka mihogo ikatuchoka.

Ndipo mjomba akasema anagombea. Neno lake lilikuwa moja tu, kila mtu arudishiwe gobore lake mkononi mwake. Huku kwetu watu walimbeba juu. Akaenda kuazima koti la mwalimu, koti zito la kahawia, akalivaa hata juani.

Waliojitokeza walikuwa watatu. Bwana Fransisko, mtu wa ofisini mjini, kwao Matombo milimani, alisema wanyama ni mali ya taifa na bunduki zibaki kituoni, wakulima wachimbe mitaro. Yunusi wa ushirika, yule anayenunua ufuta kwetu na ndizi kwa watu wa milimani, alisema kila kijiji kipewe magobore machache, yakae ofisini, walinzi wayachukue wakati wa mavuno. Na mjomba. Mkutano Mkuu wa Wilaya ndio unapiga kura kwanza. Majina mawili ya juu yanapelekwa Taifa, Taifa wakiridhika, hao wawili ndio wanarudi kwetu, mmoja na alama ya jembe, mmoja na ya nyumba, wananchi wote tuchague.

Tawi letu lilitakiwa litoe mjumbe. Wazee wawili wakagombana mpaka mmoja akavua kanzu. Bibi mmoja akasema mpelekeni Ahmadi, huyo hata akitukanwa hajibu, hatatutia aibu. Watu wakacheka, wakanipitisha. Mjomba akafurahi kuliko wote. Alisema kura moja anayo mfukoni.

Tulipanda lori la ufuta. Njiani, upande wa Matombo, akapanda Bi Semeni na ndizi zake, naye mjumbe. Watu wa kwao ni watani wa ukoo wetu, ndio waliolala kaburini siku ya msiba wa babu wakasema hawatoki mpaka wapewe kuku. Basi safari nzima ni yeye na mjomba. Alimuuliza lile koti walimvua maiti gani. Mjomba akamjibu marehemu alikuwa mume wake, alikufa kwa kukimbia mapishi. Dereva alicheka mpaka nikaogopa yale makorongo.

Mkutanoni nilikaa nyuma nikaangalia mikono. Nimegundua kitu, dada. Mtu anayependa jambo anapiga makofi kwa kiganja chote. Asiyependa anapiga kwa vidole, ili tu aonekane anapiga. Mjomba alipomaliza kusema, watu wa huku bondeni walipiga viganja, na watu wa milimani, ambao ndio wengi, walipiga vidole. Kwao hakuna tembo wala nyati, wakisikia gobore wanafikiria ulevi na ugomvi wa mipaka. Fransisko walimpigia viganja, maana ni mtoto wao. Yunusi walimpigia mchanganyiko, lakini nao wa milimani walimpigia. Nikaanza kujiuliza. Kama wanarudi Fransisko na mjomba, milima yote itakwenda kwa Fransisko, na gobore halirudi hata moja. Kama anarudi Yunusi, milima itagawanyika. Nilikaa na hesabu hiyo kama mtu aliyekalia siafu. Nilikuwa bado namtaka mjomba.

Ukafika wakati wa maswali. Bi Semeni akasimama. Alisema yeye anamfahamu Kondo tangu zamani, Kondo akimlenga nguruwe, nguruwe anapona na mbuzi wa msikiti anakufa, sasa mtu huyo anataka magobore ya nini, ya kumaliza mbuzi? Sisi wote tukaangua kicheko. Dada, watu wa milimani nao walicheka kwa moyo, na nilifurahi, nikaona wamemlainikia.

Lakini aliyekaa mezani kusimamia mkutano alikuwa mgeni, mtu wa mbali, hajui ukoo gani unataniana na upi. Yeye hakucheka. Akauliza kama ni kweli mgombea ameua mbuzi wa msikiti. Akamwambia karani aandike.

Sasa unajua mwenyewe. Mtani akikutania huwezi kununa, na huwezi kusimama ukasema ni uongo, utachekwa mpaka na watoto wako. Lazima umrudishie. Mjomba akasimama na koti lake, akasema kwa sauti kubwa:

"Ni kweli. Na wewe Semeni nilikulenga siku ile, nikakukosa kwa bahati mbaya. Nipeni gobore langu nimalize kazi."

Tukacheka tena. Yule mgeni akaweka kalamu chini. Akatuangalia sisi tunaocheka, akamwangalia mjomba, kisha akamwambia karani aandike na hilo, neno kwa neno. Mzee mmoja akaenda kumnong'oneza kwamba hawa ni watani. Mgeni akasema yeye hajui watani, yeye amesikia mgombea anataka silaha ili amuue mjumbe wa chama.

Hapo nikaona imekwisha. Hata akiwa wa kwanza, karatasi ile ikifika juu, nani atamrudisha?

Kabla ya kwenda kwenye pazia, Bi Semeni alinivuta pembeni. Yeye kusoma bado hajajua. Akaniuliza jina la Kondo liko wapi kwenye karatasi. Nikamwambia la katikati. Akaingia, akatoka anafuta wino wa kidole kwenye kanga.

Kura zilipohesabiwa, Fransisko akawa wa kwanza, Yunusi wa pili, mjomba wa tatu. Yunusi alimzidi mjomba kura mbili.

Kurudi, tulipanda lori lile lile. Bi Semeni ndiye aliyeanza kusema. Alisema, "Kondo, mimi nilikupa wewe." Kwa sauti ya kawaida kabisa, hakucheka. Mjomba naye akacheka sana. Akamwambia mtani wangu, hata leo huchoki? Akawageukia wengine akasema domo la huyu mama ndilo limeniua, halafu bado ananitania kwenye maiti yangu. Bi Semeni akashuka na kikapu chake. Nimeliwaza sana hilo. Mgeni alisikia utani akadhani ni kweli. Mjomba alisikia kweli akadhani ni utani.

Ya mbele yake umeyasikia. Yunusi alipewa jembe, milima ikagawanyika, akashinda. Na hakusema uongo, mwezi uliopita kijiji chetu kimerudishiwa magobore matatu. La mjomba ni mojawapo, ila sasa limepakwa namba, ni la kijiji, na mimi ni mmoja wa walinzi. Mahindi ya mama yamesimama, nakuambia, marefu kuliko mimi. Nguruwe wanapita mbali.

Mjomba hakulitazama lile gobore walipolileta. Lakini jioni alikuja kwenye dungu langu la ulinzi kule shambani na pembe yake ya baruti, ile yenye kifuniko cha shaba. Akanipa. Alisema wote walimcheka mkutanoni, mimi peke yangu ndiye niliyesimama naye. Na Bi Semeni sasa akija gulioni na ndizi zake, mjomba anapita upande wa pili wa reli. Hamtanii. Bi Semeni anaita, "Kondo, leo huna koti?" naye hageuki. Watu wanaona, wanaanza kuuliza, ikitokea msiba kwetu nani atakuja kulala kaburini.

Dada, kura yangu nilimpa Yunusi.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Ningempa mjomba, yeye angepanda moja na Yunusi angeshuka moja, wangekuwa sawasawa. Sisemi nilikosea. Nikiyaangalia mahindi ya mama naona sikukosea. Ila pembe ile inaning'inia ukutani na sijaweza kuifungua, nachota baruti ya kijiji kwenye kopo. Na anayelipa ni Bi Semeni, ambaye kura yake naijua. Nilifikiri nimtume yeye mwenyewe amwambie mjomba tena kwamba alimpa kura. Kisha nikaona mjomba atacheka tu. Neno hili halina wa kulibeba ila mimi, nami unanijua nikiitwa mbele za watu ulimi unavyolala.

Dada, niliiacha barua hapo juzi. Leo nimerudi.

Jana ilikuwa gulio. Nilimwomba Bi Semeni aje nyumbani, akaja, akakaa jikoni na mama. Mjomba alikuwa barazani kwetu, nikaichukua pembe ukutani nikamwekea miguuni. Nikamwambia, ya kura yangu na ya Bi Semeni. Sikumbuki nilivyosema, nakumbuka kwamba niliiangalia pembe. Jikoni mama akaacha kutwanga. Mjomba akauliza nilijuaje kwamba angeshindwa. Nikamweleza habari ya viganja na vidole. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza watu wa Matombo walikaa upande gani, nani alianza kupiga, na yeye mwenyewe, Fransisko alipomaliza, alimpigia kwa kiganja au kwa vidole. Nikasema kwa kiganja, mjomba, nilikuona. Akatikisa kichwa. Mwisho akasema:

"Ungeniambia kabla sijaazima koti."

Akaita jikoni, "Semeni! Kumbe siku ile ulisema kweli. Tangu uzaliwe ni mara ya kwanza, mbona hukutangaza?" Bi Semeni akajibu kwamba alitaka kutangaza, lakini aliogopa kupigwa risasi. Mama ndiye aliyecheka kwanza.

Pembe hakuichukua. Hakunirudishia mkononi pia. Ameondoka ameiacha pale pale chini, na mimi sijui maana yake ni nini. Nimeiacha hapo, tunaizunguka tukipita. Wewe ni mkubwa, unamjua kuliko mimi. Niandikie unavyoona.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Mama anasema mahindi mabichi hayangojei mtu, njoo na wajukuu wake wayaone. Bi Semeni naye anakusalimu, anauliza shemeji kama bado ana sura ile ile, akupe pole.

Ni mimi mdogo wako,

Ahmadi