Fidea Ameanguka Tena

Jumatatu, 5 Machi 2007

Bila mimi Mahurunga hii ingekuwa imeshahamia Msumbiji. Wakubwa wa wilaya wakipita huku swali lao la kwanza ni kama Kasiani yupo. Naandika ili ijulikane.

Asubuhi kuwinga ndege mpungani kama kawaida. Mawe kumi, ndege kumi na wawili. Kiboko katoa kichwa mtoni, kaniona, karudi chini. Hajasahau kofi nililomzaba mwaka ule.

Saa nne Fidea kaanguka. Mpwa wangu huyu, mtoto pekee wa marehemu dada yangu. Alikuwa anang'oa magugu, akasema mjomba naona giza, akaenda chini kama gunia. Tukammwagia maji, akaamka. Nikatangaza kwamba ni jua. Kuzimia nakujua. Nilipokuwa kuli bandarini wanaume mia walianguka kwa jua siku moja, nikabaki nimesimama mimi na winchi.

Kapewa uji wenye chumvi. Kalala.

Jumanne, 6 Machi

Kaanguka tena. Safari hii kivulini, tena amekaa. Nimesema ni jua la jana, bado limo kichwani.

Tumbo linamuuma. Na bega, jambo la ajabu, maana hakuangukia bega. Nimelichua kwa mafuta ya nazi.

Mumewe, mwalimu Lusajo, anataka kumpeleka mjini. Kanijia taratibu, kofia mkononi. Mtu wa Mbeya, mwembamba, sauti hana. Sijui watoto darasani wanamsikiaje. Nimemwambia kwetu msemaji wa mwanamke ni mjomba wake, mume ni mgeni tu, na mimi sijasema. Kavaa kofia yake, katoka. Angebisha kidogo labda ningekubali. Sikumpenda tangu siku ya posa.

Jumatano, 7 Machi. Hospitali, mjini

Naandika kwenye benchi. 

Alfajiri Fidea kaanguka mlangoni na hakuamka upesi. Midomo myeupe kama unga wa muhogo. Mikono baridi. Nikasema mpelekeni. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo, nimeogopa.

Barabara matope matupu. Tumembeba kwa kitanda cha kamba mpaka mahali pikapu ilipoweza kufika. Njiani kazimia mara mbili. Lusajo kashika kichwa chake njia nzima, hakunitupia hata neno. Nilikuwa nangoja anilaumu.

Tumepokelewa na daktari msichana, wanamwita daktari Neema. Sikumwamini, mdogo mno. Nikaanza kumweleza habari ya jua na wale wanaume mia wa bandarini. Hakugeuka. Alikuwa anavuta mashine yenye magurudumu, ina kioo kama televisheni ndogo.

"Mzee, hadithi nitaisikia. Anayezimia mimi namwangalia ndani kwanza."

Hakumpeleka chumba chochote. Hapo hapo kitandani. Kampaka Fidea uteute wa baridi, unavutika kama bamia, akapitisha kidude cha mkononi kifuani. Nikaona moyo wa mpwa wangu kwenye kioo. Unakimbia. Daktari akasema moyo ni mzima ila hauna cha kusukuma. Akashuka tumboni. Hapo kidude kikasimama.

Kwenye kioo kulikuwa na weusi. Umezunguka kila kitu, kama shamba likizamishwa na Ruvuma. Akasema huo weusi ni damu. Mimba imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, anavujia ndani. Hata lile bega, akasema, ni damu hiyo hiyo ikipanda chini ya mbavu. Nami nililichua kwa nazi.

"Ameanza kuzimia lini?"

Nikasema juzi. Kanitazama mara moja tu. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Ikaja karatasi ya kukubali upasuaji. Daktari akampa mume. Lusajo kashika kalamu, kakaa nayo, halafu kanigeuzia.

"Mjomba, wewe ndiye msemaji. Sema."

Hakusema kwa kejeli, ndiyo iliyonichoma. Daktari alikuwa anatuangalia kama wendawazimu, anasema wazee, mtu anakufa hapa. Nilitaka kusema neno kubwa. Sikulipata. Nikaweka saini, imekaa kama mnyoo.

Damu iliyokuwepo ni chupa moja. Wakaita ndugu wajitolee. Nimesimama wa kwanza, mbele ya watu wote. Damu yangu nzito, nesi mwenyewe kashangaa. Lusajo naye katoa.

Fidea kaingia kupasuliwa saa nane. Sasa saa kumi na moja. Mlango bado umefungwa.

Alhamisi, 8 Machi

Yu hai. Zaidi ya hapo hawasemi.

Homa kali. Anafumbua macho, ananipita kama simo. Kamwita mama yake. Dada alimwacha ana miaka minne, akaniambia mwangalie. Nimemwangalia. Siku mbili nimekaa nikimwangalia anavuja.

Sijala. Lusajo kaniletea chai na muhogo toka mtaa wa Chikongola, kaweka pembeni yangu, kaondoka. 

Ijumaa, 9 Machi

Homa.

Mzee mmoja wa benchi kaniuliza natokea wapi, mimi ni nani huko. Nikasema natokea Mahurunga. Basi. 

Jumamosi, 10 Machi

Manesi wamemkalisha Fidea anywe maji. Kazimia. Nikaona macho yanageuka, yale yale ya mpungani. Nikapiga kelele kama mwanamke wa msibani. Wametutoa nje.

Kwenye upenyo wa mlango nimeona daktari anarudi na mashine. Anapaka, anatazama, anapaka tena. Nimemwambia Mungu achukue shamba, mpunga wote, miguu yangu yote miwili. Kama ule weusi umerudi, basi mimi ndiye niliyemuua, na hakuna hadithi itakayoniokoa. Lusajo alikuwa amekaa chini, kajiinamia magotini. Nikakaa karibu naye. Mabega yetu yamegusana. Hakuna aliyesogea.

Daktari katoka, anafuta kidude kwa kitambaa. Tumbo kavu, kasema. Hakuna damu mpya. Mwili una upungufu tu wa damu na maji, na ameinuliwa haraka.

Nimeomba aniambie mara ya pili. Kaniambia. Lusajo kalia, kimya kimya, hata kulia hana sauti.

Jumapili, 11 Machi

Homa imeshuka. Kanywa uji vijiko sita. Nimevihesabu.

Kaniambia mjomba unanuka, nenda kaoge.

Nimeenda.

Jumatatu, 19 Machi. Nyumbani

Tumerudi jana. Mvua nyembamba tangu asubuhi. Ndege wamekula upande mzima wa mpunga. Waache.

Jioni majirani wamekuja kumpa pole. Fidea kakaa mkekani, kaegemea ukuta, uso umeanza kurudi rangi. Kashika mkono wangu mbele ya wote, kasema, "Mjomba, sasa humu inatembea damu yako." Wakaitikia, wanawake wakapiga vigelegele. 

Lusajo alikuwa anamenya mihogo. Nikamtazama. Nilijua sasa atasema, na ana haki.

"Kweli," kasema, "mjomba alikuwa wa kwanza kusimama."

Akaendelea kumenya.

Basi ukurasa huu niandike, maana simwonyeshi mtu. Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi, na wa kwanza kukaa kwenye kile kiti cha kutolea damu. Nesi akanifunga mpira mkononi. Akafungua pamba ya spiriti. Ile harufu. Nilipofumbua macho niko sakafuni, shati wazi, kifua kimepakwa uteute wa baridi, na daktari Neema kabla ya kwenda kunawa ampasue mpwa wangu yuko magotini na mashine yake ananitafutia ugonjwa wa moyo. Akasema mzee mzima kabisa, ni woga tu, mpeni soda. Kwenye kiti changu alishakaa Lusajo.

Mimi sikutoa hata tone. Sindano ilikuwa bado haijatolewa kwenye karatasi yake.