Mbao Inapobana Msumeno

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kwashemshi tu wazima, na mama yako sasa anatembea bila fimbo.

Umeniuliza kwa nini msumeno wako wa umeme ulikurukia ulipofika katikati ya mbao, ukachana suruali pajani. Unamuuliza mtu aliyeishia darasa la pili! Lakini umeuliza pazuri.

Nikiwa msichana nilimpelekea baba chakula msituni, akipasua gogo na mwenzake kwa msumeno wa kuvutana. Nikaona amechomeka kabari kwenye mpasuo.

"Baba, mnapasua halafu mnaziba?"

Akacheka. "Ichomoe uone."

Nikaichomoa. Gogo likajibana, msumeno ukanasa, wakavuta mpaka jasho likawatoka.

"Umeona? Mti unajifunga," akasema.

Sasa niambie, mbao yako uliiegemeza wapi? Kama ni kwenye ncha mbili tu, katikati ililegea ikabana meno. Msumeno wa baba ulinasa tu. Wako una umeme, ukakurudia. Egemeza vizuri, kipande kinachokatika kianguke chenyewe. Nawe simama pembeni, si nyuma ya msumeno.

Tena eti wewe na fundi wako mmekifunga kifuniko cha meno kwa mpira wa baiskeli kibaki wazi, ili kisiwacheleweshe! Mnawahi wapi? Kingeyafunika meno chenyewe kabla hayajafika pajani.

Ukate huo mpira kesho, kabla hujawasha msumeno. Fundi wako akinuna, mwambie bibi anakuja hapo Chanika kuzungumza naye. Nauli ninayo.

Bibi yako